Njia Iko Wazi, Kibabi

Maneno haya nilipewa na Emérita mwenyewe, mwaka ule wa pili wa vita, maharagi yakiwa maua, siku aliyopita kwangu Hombo na sanduku moja tu. Uniforme ya polisi alikuwa amekwisha kuirudisha. Tulichambua majani ya sombe wawili tangu asubui mpaka jua likaenda, na yeye alikuwa anasema polepole, kama mutu anayesoma karatasi. Vile alivyosema njo hivi.

Wakati ule alikuwa OPJ kule Kirotshe, ule polisi anayeuliza watu na kuandika majibu yao. Saa mbili ya asubui pikipiki ilimufikisha Kibabi, matope mpaka magotini. Jana yake alfajiri bombe mbili zilikuwa zimeanguka juu ya nyumba ya kukusanyia maziwa, pale wachungaji wanapoleta bidoni zao. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa malori matatu ya askari. Malori hayakupata hata alama. Watu watano wa maziwa walikufa.

Komanda Archange alimungojea mulangoni mwa poste ya polisi.

"OPJ, niliomba karatasi, sikuomba maulizo," alisema. "Mutu wangu niko naye. Andika tu."

"Niandike nini, Komanda?"

"Kwamba huyu muzee alipelekea adui saa na fasi ya kupiga."

Akatoa telefone, akamuwekea film mbele ya macho. Emérita akaona treni ndogo ya mikebe ya samaki, imepakwa rangi nzuri ya kijani, inaingia pole kwenye gare, kituo cha treni, yenye kibao kimeandikwa KIBABI. Treni ya pili ilikuwa inangojea kando, kwenye njia yake. Mukono wa muzee ukaonekana, umeshika ubao mudogo wa chaki, na sauti yake ikasema: "Treni saba inapishana na treni nane, Kibabi, 5h40. Njia iko wazi."

"Bombe ya kwanza ilianguka saa ngapi?" Komanda akauliza.

"Niambie."

"5h40. Na film aliitia kwenye internet juzi jioni. Sasa umeona na wewe."

"Utamupeleka wapi?"

"Jeep inaondoka saa kumi na moja ya jioni. Karatasi yako ikisema yeye ni mujinga tu, nakuachia. Isiposema vile, atapanda." Akarudisha telefone mufukoni. "Na mimi siwezi kukuahidi jeep itafika naye."

Emérita akatazama saa ya ukutani, akaomba ufunguo wa cachot, kile chumba cha kufungia watu.

Muzee alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mugongo sawasawa, kofia ya kazi juu ya goti. Kofia ilikuwa nyeusi zamani. Emérita akafungua daftari.

"Jina?"

"Honoré."

"Kazi?"

"Chef de gare, musimamizi wa kituo."

"Papa, hapa hapana reli. Tangu Kirotshe mpaka Walikale hapana hata msumari wa reli."

"Ndiyo, Mama. Njo maana nilijenga."

"Kazi ya kweli ulifanya wapi?"

"Maniema. Vita ya kwanza ilipofika treni ikalala, nikarudi kwetu na miguu. Nilikuja na kofia na cahier, daftari ya kazi."

"5h40 nani alikupa?"

"Horaire, ratiba ya treni. Cahier nyekundu, chini ya meza yangu. Tangu miaka ine treni saba inapishana na treni nane Kibabi saa ile. Siwezi kuigeuza, abiria watakosa."

"Abiria gani?"

Muzee akatazama kofia yake. "Wale wa treni saba," akasema.

Emérita akaandika vile vile.

"Film zako nani anatazama?"

"Watu makumi ine na mumoja. Wengine wanaweka kidole tu, wanapita. Anayejibu ni Nzanzu."

"Nzanzu wa wapi?"

"Alikuwa chef wa gare iliyofuata yangu, kule Maniema. Miaka kumi na moja tulisemeshana kila siku kwa telefone ya reli. Treni haitoki kwangu mpaka yeye aseme njia iko wazi, na yake haitoki mpaka mimi niseme. Sura yake sikuiona hata siku moja. Vita ikatutawanya. Halafu, mezi mbili iliyopita, akanipata kwenye film."

"Ulijuaje kama ni yeye?"

"Anaandika vile chef wa gare anaandika."

"Na akikuomba kitu?"

"Mama, gare ya pili ikikuambia kitu, hauulizi. Ukianza kuuliza, treni hazitembei."

Emérita akapiga mustari chini ya maneno haya.

Nyumba ya Honoré ilikuwa juu kidogo ya barabara. Chumba kizima kilikuwa meza. Milima ya udongo, reli za nyaya za gurudumu la baiskeli, madaraja ya vijiti, taa ndogo zilizotolewa kwenye tochi za kufa. Kirotshe ilikuwa mwanzo, Kibabi katikati, na Walikale mwisho kabisa, karibu na kitanda. Emérita akapiga magoti, akavuta cahier nyekundu. Ukurasa kwa ukurasa, miaka ine, kwa mwino wa bluu: treni saba, treni nane, Kibabi, 5h40. Hata siku ya Noeli.

Akafunga cahier, akaitia ndani ya sakosi yake ya begani. Saa ine haijafika, na maneno ya Komanda yalikuwa yamekwisha kuanguka. Alikuwa anaweza kurudi, kuandika mistari kumi, na muzee akalala kwake.

Ila kwenye kona kulikuwa kitambaa kimekunjwa, vumbi juu yake. Akakikunjua. Ilikuwa milima ya rangi, mizuri, na mawingu, urefu sawa na meza. Akatazama ukuta: misumari ya kukitundika ilikuwa bado pale, na katikati ya misumari lilikuwa dirisha, mabawa yote mawili wazi.

Akatazama chini. Sakafu ilikuwa udongo wa kupigwa. Miguu mitatu ya kiti cha kuwekea telefone ilikuwa imechimba matundu matatu, ya zamani, yamekuwa magumu, kuelekea kona ya kushoto ya ukuta ule. Matundu mengine matatu, udongo wake bado mwekundu, yalielekea dirisha.

"Unatafuta nini mule? Treni ikukanyage?"

Mutu mumoja alikuwa amesimama njiani na ng'ombe wawili, koti refu, fimbo begani. Alikuwa Rukara. Mwanawe Tuyizere alikuwa kati ya wale watano.

"Pole, Papa Rukara."

"Pole nimekwisha kula tangu jana, nimeshiba." Akasogea dirishani. "Mutoto wangu alikuwa anamuletea huyu muzee kikombe cha maziwa kila asubui, mbele ya kufika pale chini. Uandike na hiyo."

"Nitaandika. Hili dirisha lilikuwa wazi siku zote?"

"Hapana. Alikuwa analifunga, vumbi inaua treni zake. Mezi moja na zaidi sasa, napita hapa alfajiri, baridi inakata masikio, dirisha wazi. Nikamuambia, Muzee, utakufa na mapafu. Akanicheka. Akasema watazamaji wanataka milima ya kweli."

"Watazamaji, ao mutazamaji?"

Rukara akafikiri. "Alisema rafiki yake," akajibu. Akapiga ng'ombe wake, akaenda bila kuaga.

Emérita akasimamisha kile kiti katika matundu mapya, akashika telefone yake mahali pa telefone ya muzee, akatazama ndani ya kioo. Mbele, gare ya Kibabi ya mikebe. Nyuma yake, dirishani, Kibabi yenyewe: barabara, mabati ya nyumba ya maziwa, na nyuma ya mabati, pua za malori matatu.

Kila mwenye kutazama film alikuwa anaona malori yanapolala.

Duka la Kavira lilikuwa na antena juu ya bati, njo maana mutu akitaka internet alikwenda kule. Kavira alikuwa mama wa Butembo, rozari shingoni, mikono ndani ya unga.

"Umekuja kunifunga?" akauliza. "Komanda alisema mimi njo niliuza mega za internet za ile film. Dada, mega hata Padri ananunua kwangu. Mutamufunga na yeye? Na misa nani atasoma?"

"Nifungulie ukurasa wa treni ya Papa Honoré. Nataka maneno ya chini, yale watu wanayoandika."

"Watu? Hapa kuna mutu mumoja anaongea kama redio, wengine wako kimya kama wafu."

Walikaa kwenye mifuko ya chumvi, vichwa pamoja juu ya telefone. Ukurasa ulikuwa na film mia mbili na sita. Emérita alianza na ile ya juzi, akarudi nyuma. Jina lilikuwa Nzanzu wa Gare. Neno lake la kwanza, wiki saba zilizopita: *Chef, treni yako ni ya kweli ila milima ni ya kitambaa, inaharibu. Fungua dirisha.* Wiki iliyofuata: *Vizuri sana. Sasa sogeza kiti cha telefone, kitazame dirisha sawasawa.* Kisha: *Film alfajiri, chef, wakati huo njo treni ya kweli inatembea.* Kisha: *Ongeza mwangaza nyuma.* Na mwisho wa kila neno: *Nimepokea. Njia iko wazi.*

Chini ya kila moja Honoré alikuwa amejibu, mara zote sawasawa: *Nimepokea, chef. Nafanya.*

Emérita alichora mustari katikati ya ukurasa wa daftari, akaanza kuandika tarehe pande mbili.

"Mbona unaandika mbili mbili?" Kavira akauliza.

"Huku, siku huyu Nzanzu aliandika neno la reli. Huku, siku Papa Honoré alilisema ndani ya film. Tazama. *Nimepokea*: muzee kwanza. *Njia iko wazi*: muzee kwanza. *Kupishana*: muzee kwanza. Hakuna hata moja aliyoileta yeye."

"Kama kasuku."

"Kama kasuku."

Kavira akafuta unga mikononi. Alikuwa ameacha kucheka. "Dada, na huyo kasuku amekaa wapi?"

Emérita akafunga daftari. Akamuomba telefone yake mpaka jioni. Kavira akaivua na kamba yake shingoni, akampa.

Saa tisa na nusu alikuwa tena ndani ya cachot. Antena ya Kavira ilifika mpaka ukuta wa poste, ukisimama karibu na dirisha la chuma. Alisimama pale.

"Papa, Nzanzu wa Maniema, telefone ya reli ilipolia, alikuwa anasema nini? Neno kwa neno."

"Anasema: nimepokea, njia iko wazi. Halafu anasema mvua."

"Mvua?"

"Mvua iko, ao mvua hakuna. Kati ya gare yake na yangu kulikuwa daraja. Mvua ikinyesha, maji inakula udongo chini ya reli, na kwenye gare hauoni. Kwa hiyo kila siku, hata jua likiwaka, anasema. Miaka kumi na moja hakuacha hata mara moja. Ilikuwa yetu sisi wawili, haiko kwenye kitabu."

"Na ndani ya film uliwai kuisema?"

"Hapana. Hapa daraja ni la vijiti."

"Huyu wa kwenye telefone amekuandikia mvua mara ngapi?"

Muzee akatazama vidole vyake, hakukunja hata kimoja. Nje askari mumoja alikuwa anapiga mufereji na kiatu kutoa matope.

"Nilisema amezeeka, amesahau," Honoré akasema.

Emérita akafungua ukurasa wa muzee katika telefone ya Kavira, kwa neno la siri alilomutajia mwenyewe, akamuuliza aandike nini. Honoré akasema kwa sauti ya kazi, mugongo sawasawa: "Hapa Kibabi. Njia iko wazi. Kwako namna gani?"

Walingojea. Jibu lilifika mbele ya dakika kumi.

*Nimepokea chef. Njia iko wazi. Film ya leo iko wapi?*

"Ongeza," muzee akasema. "Muulize: na mvua?"

Emérita akaandika. Mara hii jibu lilikuja mbio.

*Mvua gani muzee. Ufanye film. Geuza telefone upande wa poste ya polisi, pale mwangaza ni muzuri.*

Akageuza telefone ili asome mwenyewe. Honoré akaisogeza mbali na macho, akasoma midomo ikitembea, akarudilia. Akachukua kofia gotini, akaiweka chini kwenye simiti.

"Aliye Maniema," akasema, "labda alikufa zamani."

"Labda."

"Basi mimi njo nilionyesha njia."

"Papa, nisikilize." Emérita akachuchumaa mbele yake. "Karatasi yangu inaweza kukaa juu ya cahier nyekundu, basi. Komanda alisema 5h40 ni siri ya adui. Cahier inasema ni horaire ya miaka ine. Hii ni kweli, hakuna uongo ndani. Dirisha hakuna aliyeniuliza. Utalala kwako leo."

"Treni zikigongana," Honoré akasema, "chef wa gare anaandika jina lake kwenye registre, kitabu cha gare, kabla mutu hajamuuliza. Anaandika: njia niliifungua mimi. Hata kama alidanganywa. Kudanganywa kunakwenda kwenye ukurasa wa pili."

"Hii si reli, Papa."

"Tuyizere alikuwa ananiletea maziwa. Ile asubui nilikuwa nangojea kikombe. Nilikuwa na hasira, nikasema mutoto amechelewa."

"Ukiandika, unapanda jeep."

"Saa yake naijua. Leta kalamu."

Aliandika pole, kwa mwandiko wa cahier nyekundu, mistari sita, na jina, na saa: 16h25. Emérita akaandika ukurasa wa pili mwenyewe: Nzanzu wa uongo, tarehe za pande mbili, mvua, na lile neno la poste. Akapasua karatasi moja, akaanza tena.

Komanda Archange alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama.

"Amesaini mwenyewe," akasema. "Kazi safi, OPJ."

"Soma wa pili."

"Nitasoma njiani."

"Wa pili unasema alidanganywa. Na unasema poste hii njo inafuata. Wameomba picha yake leo, saa tisa na nusu imepita."

Hapo Komanda akasoma, mustari wa mwisho tu. Akatoka, akaita madereva, na malori matatu yakaanza kuguruma. Watu wa nyumba za karibu na poste hakuna aliyewaambia kitu. Kavira njo alipita mulango kwa mulango, unga bado kwenye nguo, akawaambia wapande kulala kanisani.

Saa kumi na moja wakamutoa Honoré. Emérita alihesabu, kama alivyozoea kuhesabu: Komanda, dereva, askari wawili, muzee. Watano. Muzee akaomba dakika moja, akatoa kitu ndani ya soksi yake. Kilikuwa kipande cha waya wa baiskeli, urefu wa kidole, na pete ya shaba kwenye ncha.

"Fimbo ya njia," akasema. "Treni haiingii kwenye njia kama dereva hana hii, na iko moja tu. Chef akiachilia kazi hatoki nayo, anamuachia mwingine. Ikiwa mukononi mwako, hakuna treni inaweza kuingia."

"Nimepokea, Papa."

Jeep ikashuka. Chini, pale barabara inapojikunja, Rukara alikuwa anarudisha ng'ombe. Honoré akavua kofia. Rukara akamutazama, akavuta ng'ombe wake kando, jeep ikapita.

Emérita alibaki kwa Kavira, pikipiki yake haikuwa na taa. Walikula ugali. Giza lilipoingia Kavira akarudishiwa telefone yake, akaita ndugu yake mwenye duka Kirotshe, kando ya barabara. Aliongea kinande, luga ya kwao, kifupi, akakata.

"Jeep imefika," akasema.

"Watu wangapi?"

"Alisema wane, wote na uniforme. Nikamuambia ahesabu tena. Akahesabu tena."

Emérita akatikisa kichwa, kama mutu aliyepewa bei ya kitu. Kavira akamutandikia blanketi juu ya mifuko ya chumvi, akazima taa, akasali rozari yake mpaka sauti ikakatika katikati ya Salamu Maria, naye akalala.

Telefone ya Kavira iliwaka mara moja kwenye meza. *Chef uko wapi? Njia iko wazi?* Emérita aliisoma, akatoa batri. Akajilaza na viatu vyake. Matone ya kwanza yakaanguka juu ya bati, machache, kisha mengi, kisha hakusikia tena kitu kingine.

"Mvua iko," akasema gizani.

Akafunga ngumi juu ya ile fimbo ya waya, akageukia ukuta, na usingizi ukamuchukua.